Tulikuwa na Kazi Zetu

Ukimfikisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kliniki kwa mara ya kwanza, maswali ni mengi. Ulijifungulia wapi? Uchungu ulidumu muda gani? Alilia palepale au alichelewa? Alipata manjano? Degedege je? Kwenye ukoo wenu yupo mwingine wa namna hii? Yana maana yote, kwa sababu ubongo wa mtoto huweza kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na mtaalamu anahitaji kujua. Nimeyajibu mpaka nayajua kwa mfuatano wake. Lakini kwa miaka yote ambayo mimi na mwanangu tumekalia mabenchi ya mazoezi hapa Dar es Salaam, sijawahi kusikia mama aliyepakata mtoto akiulizwa: dada, kabla ya huyu ulikuwa unafanya kazi gani?

Nikaanza kuuliza mimi. Asubuhi moja, benchi moja, nikapata nesi wa wodi ya watoto, fundi cherehani wa Kariakoo, mwalimu wa hesabu, muuza samaki wa Feri, na baba mmoja aliyekuwa konda wa daladala za Mbagala. Na mimi, wakala wa forodha. Tulikuwa tumekaa pale miezi kadhaa tukijuana kwa majina ya watoto na kwa aina ya ulemavu wao, huyu mtindio, yule kichwa kikubwa, huyu usonji, na hakuna aliyejua mwenzake anaweza nini. Siwataji majina. Nitawaita kwa kazi zao, na nilipowaambia hivyo walifurahi, hasa konda.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo ninayoijua kwa ndani.

Nilikuwa natoa mizigo bandarini. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kubeba. Kazi yenyewe ni karatasi na muda. Meli imefika, mteja wako ana kontena la vitenge humo au gari la mtumba kutoka Japani, na siku za bure zikishapita, kila usiku mzigo unaolala bandarini unakula pesa. Wewe ndiye unayesimama kati ya mwenye mzigo, kampuni ya meli, mamlaka ya mapato, bandari na wakaguzi wa viwango, na kila mmoja ana dirisha lake, ankara yake na saa yake ya kwenda kula. Niliingia nikiwa mpeleka nyaraka, nakimbia na bahasha kutoka Sokoine Drive hadi getini na kurudi. Baadaye mfumo wa forodha wa kompyuta, TANCIS, ukaja, karatasi nyingi zikahamia humo, nami nikahamia mezani.

Mezani ndipo nilipoipenda kazi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, ulikuwa umepanga bidhaa kwenye ngazi tatu za ushuru: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Likisemwa hivyo linaonekana jepesi. Lakini kipande cha chuma kinaweza kubishaniwa siku nzima: ni malighafi au ni kipuri? Jibu linaweza kumwumiza mteja au kumwokoa. Nilikuwa nabisha kwa heshima, kitabu cha ushuru mkononi, na mara nyingi nilishinda. Wateja walipiga simu ofisini wakimtaka yule dada. Nilikuwa najua ni saa ngapi afisa fulani yuko tayari kusikiliza na ni saa ngapi usimsogelee. Nilikuwa najua kosa la herufi moja kwenye jina la mpokeaji mzigo linaweza kuchelewesha kontena wiki nzima, kwa hiyo nilisoma kila waraka mara mbili, na bado huwa nasoma hivyo.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina Jedwali la Tano, la misamaha. Humo wamo watu wenye ulemavu: vifaa vyao vinaingia bila ushuru. Niliijua sehemu hiyo kabla sijaolewa. Nilishaandaa maombi ya msamaha huo kwa ajili ya mteja, nikaona viti vya magurudumu vikitoka getini, nikachukua faili lililofuata.

Mwanangu alichelewa kulia. Nilikaa naye siku 84 za likizo ya uzazi, nikarudi kazini, na nikadai yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku ambayo sheria inayataja na ofisi nyingi hazipendi kuyasikia. Shingo haikukaza kwa wakati wake. Ngumi zikawa zimefungwa muda wote, miguu inapishana ukimnyanyua. Tulipofika kliniki, mtaalamu wa mazoezi alinieleza jambo lililopangua ratiba yangu yote. Jeraha la ubongo lenyewe halikui, alisema, lakini misuli inayopokea amri zisizo sawa hukaza mwaka hadi mwaka, na viungo visiponyooshwa hufunga. Kwa hiyo mazoezi ni ya kila siku nyumbani, na kliniki ni ya kurudi tena na tena. Na kliniki ziko wazi asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa zilezile ambazo forodha iko wazi.

Nimesikia miaka mingi watu wakisema, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto ameniachisha kazi. Hapana. Mwanangu hakuniachisha kazi. Nimeachishwa na hesabu ya siku, na naomba tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku 4 hizo ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36. Ukizimaliza mwezi Machi ukimwuguza mtoto, na mama yako akafariki Agosti ya mwaka unaofuata, huna siku nyingine yenye malipo ya kumzika isipokuwa mwajiri akuhurumie au uchukue za likizo ya mwaka. Hizo za mwaka ni 28, nami nilizikata vipande vipande, asubuhi hii, asubuhi ile, mpaka zikaisha bila kuniona kijijini. Mtoto anayehitaji mazoezi si mgonjwa atakayepona Ijumaa. Yeyote aliyekaa akaandika siku 4 kwa miaka mitatu alikuwa anafikiria malaria, homa, kitu chenye mwanzo na mwisho.

Mei Mosi ya 2024 serikali ilitangaza kuwaongezea likizo akina mama wanaojifungua njiti, na suala hilo likaingizwa kwenye sheria. Nililia kwa furaha, maana watoto wengi wa benchini kwetu walizaliwa njiti. Ila njiti anayekua na mtindio wa ubongo atamhitaji mama yake hata likizo ikiisha, na hapo sheria haijasema kitu.

Bosi aliponiita hakunifokea. Alinikaribisha kiti, akasema kwa upole: mama, tunakuonea huruma, andika barua upumzike, mambo yakikaa sawa utarudi. Barua hiyo nimekuja kuiona tena kwa wenzangu wengi, kutoka ofisi ambazo hazijuani, na maneno yake yanakaribiana sana: naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na matatizo ya kifamilia.

Dada unayesoma hapa ukiwa na mtoto mdogo mwenye hali kama hii, isome barua hiyo vizuri kabla hujaweka sahihi. Mabadiliko ya sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira, na fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye barua ya hiari mkononi ana mlima wa kupanda kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyemwachisha. Na bima ya afya ya kazini inakatika wakati ambao mtoto anaihitaji kuliko siku zote. Wengi wetu tulikimbilia Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka, ikatushika mkono kweli, halafu 2023 ikasimamishwa kwa wanaojiandikisha kabla ya kuja kurudishwa baadaye. Kuna watoto benchini petu waliokosa mazoezi kipindi hicho, na viungo havikusubiri.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinakataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya sababu zinazokatazwa, pamoja na dini, kabila, jinsia na ujauzito, yamo majukumu ya familia. Yameandikwa. Nimemwonyesha kifungu hicho kila mzazi niliyekutana naye ambaye bado ana kazi, kwa sababu wengi wanadhani sheria inamwona mtu mwenye ulemavu tu, na haimwoni anayembeba.

Hata Ulaya dhana hiyo ilibidi ivunjwe mahakamani. Sharon Coleman alikuwa katibu katika ofisi ya mawakili London tangu Januari 2001. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume mwenye matatizo makubwa ya kupumua, aliyehitaji uangalizi maalumu, na mlezi wake mkuu alikuwa yeye. Machi 2005 akaondoka kazini kwa utaratibu wa kupunguzwa wafanyakazi, na miezi michache baadaye akafungua shauri. Alidai kwamba baada ya likizo ya uzazi hakurudishwa kwenye nafasi yake, kwamba wenzake wenye watoto wasio na ulemavu waliruhusiwa kurekebisha saa zao na yeye akanyimwa, na kwamba alipoomba muda wa kumhudumia mwanawe aliitwa mvivu. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya kule Luxembourg. Tarehe 17 Julai 2008 majaji wakasema kinga dhidi ya ubaguzi kwa sababu ya ulemavu haimhusu mwenye ulemavu peke yake. Inamfikia pia mfanyakazi anayetendewa vibaya kwa sababu ya ulemavu wa mtoto wake. Namfikiria mara nyingi mama huyu. Kazi ya katibu kwenye ofisi ya mawakili ni kuandaa nyaraka za kesi za watu wengine, na ilipofika zamu yake, alikuwa na kesi yake mwenyewe ya kuandaa. Neno lile, mvivu, nasi tumelisikia. Anayeamka saa kumi alfajiri kumnyoosha mtoto miguu kabla ya kupanda gari anaitwa mvivu saa tatu asubuhi.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa takwimu mwaka 2024: watu milioni 748 duniani hawamo kwenye soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya kulea na kuhudumia, na milioni 708 kati yao ni wanawake. Namba kubwa kiasi hicho huwa hazinigusi. Iliyonigusa ni ile milioni 40 inayobaki, kwa sababu mmoja wa hao yuko benchini kwetu, na ndiye konda.

Alikuwa njia ya Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Yeye na mkewe walipopewa jina la ugonjwa wa binti yao walikaa chini wakalinganisha vipato. Mke alikuwa kiwandani, ana mshahara wa mwezi na bima. Mume alikuwa anaishi kwa kinachobaki baada ya kumpelekea tajiri hesabu ya siku. Wakaamua abaki yeye. Ndugu zake walimsema sana, na wapo ambao hadi leo hawamtembelei, kwa sababu kwao mwanamume anayembadilisha binti yake nepi kwenye benchi la kliniki ni jambo la kukata nalo udugu. Mimi naona uamuzi ule ndio wa akili na wa upendo kuliko wote niliousikia kliniki. Baba wangapi wa watoto hawa wameondoka kabisa? Hilo silitolei namba, lakini kila mama wa benchi anaweza kukuhesabia kwa vidole.

Konda ndiye aliyetueleza kwa nini daladala zinatupita. Tulikuwa tunadhani ni roho mbaya tu. Alituambia: mtoto mkubwa asiyeweza kukaa mwenyewe anachukua nafasi ya watu wawili, kumpandisha kunakula dakika, na nyuma yako kuna gari jingine linalogombea abiria walewale kituo kinachofuata. Konda wa kituoni anaona hesabu ya tajiri inapungua. Halafu akatufundisha tufanye nini. Usisimame katikati ya kundi, simama mwanzo wa kituo gari linapopunguza mwendo. Mwambie konda mapema unashuka wapi. Muulize dereva, si konda, siti ya mbele, kwa sababu dereva akikubali konda hawezi kukataa. Ukiweza lipia siti mbili, ukishindwa sema mapema kabla gari halijaondoka. Na asubuhi ambazo yuko, hasemi mengi. Anaita gari kwa ishara ya mkono wanayoijua wenyewe na gari linasimama. Makonda wengi wa njia ile bado wanamwita kwa jina lake la kazi. Wakati wa jua kali nimeona konda kijana akishuka mwenyewe kumbeba binti wa mtu kwa sababu bro wao yumo kwenye kundi letu. Hiyo ni kazi ya miaka mingi barabarani inayolipa hadi leo, ila hailipi pesa.

Fundi alikuwa na cherehani mbili Mtaa wa Kongo. Sare za shule Desemba na Januari, magauni ya sendofu na harusi mwaka wote. Alikuwa hachukui vipimo kwa haraka. Alisema nguo inaharibika kwenye futikamba, haiharibikii kwenye mkasi. Mwanawe alipoanza kukua, tukawa tunahangaika na suala la kukaa. Mtoto mwenye mtindio asipokalishwa vizuri, nyonga zimekaa sawa, magoti yamepinda vizuri, nyayo zimekanyaga kitu, mgongo unapinda, na hata kula kunakuwa hatari. Viti maalumu vya kununua ni ghali mno. Kuna ufundi ulioanzia Zimbabwe miaka ya 1970 wa kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi chakavu, zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, kisha zikaachwa zikauke mpaka zinakuwa ngumu kama ubao. Mtaalamu mmoja wa kliniki aliujua, akatuonyesha mara moja. Kuonyeshwa mara moja kulimtosha fundi. Akatoa futikamba shingoni, bado huwa anaivaa, akaanza kupima watoto: upana wa nyonga, nyonga hadi nyuma ya goti, goti hadi kisigino, kiuno hadi kwapani. Vipimo vilevile alivyokuwa anawachukulia maharusi. Mtaalamu alisimama akimtazama, akatuambia hivyo ndivyo wao wenyewe wanavyofundishwa chuoni.

Sasa hivi karibu kila mtoto wa benchi ana kiti cha maboksi kilichomkaa mwilini, chenye mkanda wa turubai na mto wa sponji, na kila kinapombana fundi anatengeneza kingine. Kwangu mwanangu alikaa mezani na sisi kwa chakula cha jioni kwa mara ya kwanza kwenye kiti kilichokuwa boksi la jokofu. Aliangalia sahani za watu wote moja moja.

Nesi alikuwa zamu za usiku. Ni yeye aliyewahi kuwakabidhi akina mama watoto wa namna hii pale wodini kabla hajapata wake, na hilo analizungumza kwa shida. Alichotuletea ni utulivu. Mtoto akishikwa na kifafa benchini, zamani watu walikuwa wanakimbilia kijiko wamtie mdomoni. Nesi alilikomesha hilo: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, angalia saa. Ikipita dakika tano ni hospitali, hakuna mjadala. Kulisha nako alitufundisha upya, mtoto akiwa wima, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kidogo, ngoja ameze. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Chakula kikipotea njia kikaingia kwenye mapafu, umepata nimonia. Sasa mtu akikuuliza unafanya nini nyumbani siku nzima, mwambie milo ni mitatu.

Mwalimu wa hesabu namwona kwa nadra siku hizi, mwanawe amepata nafasi Uhuru Mchanganyiko na yeye amehamia karibu na shule. Alituachia daftari la mapato na matumizi ambalo bado tunalitumia.

Wa Feri hakuandika barua yoyote, kwa sababu hakukuwa na wa kumwandikia. Watanzania wengi wako kama yeye, nje ya ajira rasmi, na kwao hata zile siku 4 ni habari ya watu wengine. Alikuwa anawahi mnada wa samaki alfajiri, mtoto mgongoni, anapambana na wanunuzi wakubwa kwa sauti ile yake ambayo hata kliniki inasikika hadi mapokezi. Alifanya hivyo mpaka mtoto akawa mzito na mgongo ukagoma. Hakuna siku anayoweza kuitaja kwamba ndiyo aliyoacha kazi. Kazi ilimponyoka taratibu, leo hakwenda, kesho hakwenda, meza yake ikachukuliwa na mwingine. Nilipomwuliza swali langu, alikuwa anakufa na hamu ya kuulizwa. Alinieleza namna ya kutambua changu aliyelala kwenye barafu, kwa jicho na kwa shavu, akaonyesha kwa vidole, akasahau kabisa zamu yake ya kuingia ndani ikaitwa mara mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaniuma mimi mwenyewe. Nilikuwa naikumbuka kazi yangu na nilikuwa naogopa kusema. Mama wa mtoto kama wangu anaruhusiwa kulia kwa ajili ya mtoto, anaruhusiwa kulia kwa ajili ya ndoa, lakini akilia kwa ajili ya meza yake ya ofisini watu wanamwona hana upendo. Nampenda mwanangu kwa kila kilichomo ndani yangu. Na niliipenda kazi yangu: harufu ya bandari asubuhi, kubishana kuhusu namba ya ushuru, mshahara wenye jina langu. Mapenzi hayo mawili hayakuwahi kugombana moyoni. Yaligombanishwa na saa za kliniki na siku 4.

Nataka kusema pia kwamba si kila kitu kinafidiwa kwa ujuzi kuendelea kutumika. Siwezi kukubali ile faraja ya kwamba eti yote yana makusudi yake. Fundi alikuwa anaajiri wasichana wawili. Nesi alikuwa ametakiwa kwenda kusoma. Mimi nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja wa forodha. Michango yetu ya uzeeni ilisimama tukiwa vijana, na watoto hawa wanakua kuwa watu wazima watakaotuhitaji tukiwa wazee. Wenzetu Kenya, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni kidogo, kila mtu anajua ni kidogo. Lakini ni kukiri kwamba nyumbani kuna kazi inayofanyika.

Mwaka jana ndugu wa mmoja wetu aliyeko Ujerumani alipata viti vya magurudumu vya watoto, vilivyotumika lakini vizima, akaviweka kwenye kontena la mizigo ya watu wengine. Wakati kundi linashangilia, mimi nilikuwa tayari nauliza maswali: nani ameandikwa kama mpokeaji, orodha ya vitu imeandikwaje, ankara iko wapi, barua ya msamaha tunaomba kupitia nani. Jedwali la Tano. Niliandaa nyaraka zote usiku, mwanangu akiwa kwenye kiti chake cha maboksi pembeni yangu, nikazisoma mara mbili kila moja. Sina tena leseni ya kuziwasilisha, kwa hiyo nilimpigia kijana niliyemfundisha kazi enzi zile. Sasa ana ofisi yake. Aliniita dada mkubwa, akaziangalia, akasema hana cha kurekebisha. Viti vilitoka bila kulipiwa ushuru wa forodha.

Kijana huyo ameniomba nimsaidie kupanga bidhaa kwenye namba zake za ushuru, nikiwa nyumbani, kwa malipo ya kila faili. Nimeanza. Nafanya mwanangu akilala, na siku ambazo ni zamu ya mwenzangu kukaa na watoto. Zamu hizo alizipanga nesi kwa mtindo wa wodini, jedwali limebandikwa ukutani kwa fundi: wawili wanakaa na watoto wote kwa siku, wengine wanatoka kutafuta riziki, na makabidhiano yanaandikwa, nani amekula, nani amenyooshwa, nani alishikwa. Wa Feri amerudi mnadani siku tatu kwa wiki, na samaki anaowabakisha tunawakaanga.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunaomba kwenye ile ya wanawake, kwa ajili ya cherehani mbili na overloki moja, na konda amekubali kwa moyo mweupe kuwa msaidizi asiye mwanachama. Kwenye fomu kuna sehemu ya uzoefu wa wanakikundi. Nimewaomba wote wanaoweza wafuatilie cheti cha utumishi kwa waajiri wao wa zamani, ambacho kifungu cha 44 cha sheria ya ajira kinamtaka mwajiri akitoe kazi inapokoma. Nesi ameshapata chake. Cha kwangu nimeahidiwa Alhamisi, na Jumatatu tunapeleka makaratasi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.